Viti Mia Mbili vya Mwanamvua

Shemeji yangu Athumani ndiye mtu pekee Ujiji nzima anayewajua watu kwa nyuma kuliko anavyowajua kwa mbele. Ukikutana naye njiani atakuitikia salamu huku anakukodolea macho, jina halimjii. Ukishampita kidogo utasikia, "Aa! Kumbe ni wewe, bwana!" Hapo keshaona makalio. Msinikunjie uso, situkani. Ndiyo kazi yake. Athumani ni fundi wa vigoda pale Kasingirima, na hakuna kigoda chake hata kimoja kilichowahi kupimwa kwa futi.

Mimi naitwa Haruna, kaka wa mke wake. Shule iliniacha darasa la sita, au niseme kweli, mimi ndiye niliyeiacha, yenyewe ilikuwa bado inanihitaji. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Atakayeona kosa la kuandika alirekebishe kimyakimya, asiniletee nyumbani.

Sasa, namna anavyopima. Anachota mchanga ziwani, anauchekecha kwa chekecheo la unga, anaulowesha mpaka ushikane, anaujaza kwenye sinia pana na kuusawazisha kwa kiganja. Mteja anakuja, anakaa juu ya sinia kwa heshima zake, ananyamaza kidogo, anainuka. Ule mchanga umebaki na sura yake. Athumani analifunika sinia kwa kitambaa kibichi lisikauke, kisha anachukua gogo la mninga na tezo lake, anachonga huku mkono mmoja uko mchangani na mmoja kwenye mti, macho kayafumba. Kigoda kikiisha, mwenyewe akikaa, hataki kuinuka. Mwingine akikaa, hatulii hata kidogo.

Palitokea msiba Rusimbi, watu wakaenda kila mmoja na kigoda chake, mvua ikanyesha, wakavikusanya ndani, na mvua ilipokatika vikatolewa ovyo. Siku nzima watu walikaa kwenye vigoda vya wenzao. Walikunja nyuso, wakauma midomo, wengine machozi yaliwatoka. Wafiwa walishukuru mno. Wakasema hawajawahi kuona mtu aliyelilia marehemu wao namna ile. Msiba ule ulisifiwa mpaka Simbo.

Athumani ana miiko yake miwili, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Wa kwanza, haandiki jina la mtu kwenye sinia. Anasema kuandika jina la mtu mzima juu ya makalio yake ni kumvunjia heshima, na yeye hana haja, anayajua. Wa pili, hamwambii mtu yeyote sinia hili ni la nani. Hata umbembeleze vipi. "Sinia la mtu ni siri ya mtu," atakwambia, kisha ataendelea kunoa tezo.

Sasa niulizeni: huyu bwana, aliyekalisha mji mzima, mke wake alikuwa anakaa juu ya nini?

Dumu. Dumu la mawese, la njano, limelazwa ubavu.

Chanzo chake ni hiki. Walipokuwa wameoana karibuni, Athumani alimwita dada yangu mbele ya wateja, mbele kabisa ya wanaume waliokuwa wamejazana pale barazani, akamwambia, "Mke wangu, njoo ukae hapa nikupime." Mwanamvua akalitazama sinia, akawatazama wale wanaume, akamtazama mumewe. Akasema, "Mimi sikai mchangani kama kuku anayetaka kutaga." Athumani naye akajibu, "Bila mchanga sichongi." Basi. Hapo ndipo walipokwama. Binti yao Shadya akazaliwa, akakua, akaolewa Mwanza, mama mtu bado yuko juu ya dumu. Ukimuuliza Athumani anasema, "Alikataa." Ukimuuliza Mwanamvua anasema, "Muulize yeye." Mimi niliacha kuuliza, kwa sababu kila nilipouliza nilipewa kazi ya kufanya.

Kisha ukaja mwaka ule wa wakimbizi wa Burundi, walipoletwa kwa maelfu kutoka Kagunga, na mji wetu ukajaa mpaka ukawa hauna pa kutemea mate. Ujiji haijaanza leo kupokea watu. Nusu yetu mababu zetu walikuja wakiwa na mzigo kichwani wakasema wanapumzika tu. Mwanamvua alikuwa akipika uji kila asubuhi na kuupeleka kituo cha mapokezi pale Kigoma mjini, kwa ajili ya watoto. Siku moja alirudi na sufuria tupu na uso umebadilika. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kumsalimia shemeji na kuona kama chai imeiva.

"Baba Shadya," akasema, "leo nimemwona bibi mmoja katoka Makamba. Kaacha nyumba. Kaacha ng'ombe. Kavuka mpaka na kigoda chake kichwani."

"Mti gani?" akauliza Athumani.

Ndugu zangu, mwanamume mwenye akili haulizi mti gani.

Mwanamvua akaitua sufuria polepole. "Nimefikiri njia nzima. Vita ikizuka hapa Kasingirima leo, mimi nitabeba nini kichwani? Dumu? Sikiliza. Idi ya kuchinja ikinikuta bila kigoda changu ndani ya nyumba hii, nahamia kwa kaka Haruna."

Chai ilinipalia. Tangu hapo jambo la Athumani likawa jambo langu. Nampenda dada yangu, Mungu shahidi, lakini aliwahi kukaa kwangu siku za msiba wa shangazi, na katika siku hizo alifua mapazia, akaniosha mimi, akamwosha na mbuzi. Mbuzi yule hakurudi tena kuwa mbuzi.

"Shemeji," nikamwambia Athumani tulipotoka nje, "mchongee."

"Bila mchanga?"

"Chonga hata kwa kubahatisha!"

Akanitazama kama niliyemwambia aswali bila udhu.

Wakati huohuo ndipo alipokuja Bariki. Huyu alikuwa kijana kutoka kaskazini, mrefu, mpole, msomi, ametumwa na mradi ambao jina lake lilikuwa refu kuliko yeye mwenyewe. Alileta mashine ndani ya kontena. Mashine hiyo ni meza kubwa ya chuma, juu yake kuna mkono, na kwenye mkono kuna kisu kinachozunguka kama pia. Kompyuta ndiyo inayoiambia: shuka hapa, panda pale. Inachonga peke yake, haitoki jasho, haiombi sigara. Na inayo kamera yenye taa nyekundu. Ukiiweka juu ya kitu, inapiga picha ya mabonde na vilima vyote, kisha inakichonga kitu hicho kwenye ubao mara nyingi upendavyo, bila kukosea hata unywele.

Kazi ilikuwa kutengeneza vigoda mia mbili vya ukumbi wa kusubiri pale kituoni, maana wakimbizi walikuwa wanakaa sakafuni. Bariki alitaka mashine na mafundi wa mji washirikiane: mashine ichonge makalio, Athumani na wenzake wachonge miguu na kuipachika.

"Shikamoo, mzee Athumani," akasema. "Nimesikia hapa ndipo penye kigoda cha kweli. Tunahitaji umbo moja tu. La mtu wa wastani. Mashine italizidisha."

"Umbo moja kwa watu wote?" Athumani akashtuka. "Hayo ni kama meno ya bandia ya ukoo mzima."

Lakini nilimfinya, akakubali. Likaja swali la nani awe mtu wa wastani. Mimi sipendi kujisifu, ila wote waliokuwa pale waligeuka wakanitazama mimi. Bariki mwenyewe alisema, "Huyu mzee anafaa." Nikakaa mchangani kama sultani. Nilipoinuka nilitazama nyuma, nikaona kitu kilichotulia, kipana, chenye busara. Athumani akalifunika sinia, akaliweka kwenye meza ya kazi, tukangoja Bariki aje na kamera yake kesho.

Sasa hapa ndipo shemeji yangu alipopata akili, na akili za ghafla ni kama mvua ya mawe. Aliwaza: mashine ipo, inachonga kwa haraka, Idi imekaribia. Nikipata mchanga wa mama Shadya kwa siri, Bariki atanichongea kimoja kimyakimya, nami nimpe mke wangu zawadi ya Idi. Jioni ile akalificha sinia la mchanga mbichi pale uani, mahali Mwanamvua anapochambulia dagaa, akatandika mkeka wa ukindu juu yake, na lile dumu akalitupa nyuma ya banda la kuku.

Dada yangu akaja na ungo wake. Hakuona dumu. Akakaa mkekani kama wanawake wetu wanavyokaa mkekani, miguu yote ameikunjia upande mmoja, mwili umelalia nyonga moja, uso kaugeuza kuelekea jikoni ili asiunguze maharage.

"Mkeka leo una ubaridi," akasema.

"Ni sakafu, mama Shadya."

Akachambua dagaa wote, akamsema jirani, akainuka. Athumani akalitoa sinia kwa vidole kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akalifunika kitambaa kibichi, akaliweka mezani kando ya sinia langu.

Asubuhi Bariki akaja na kamera na watu kadhaa wa mradi. Mimi nilikuwepo, nimevaa kanzu safi, maana nilijua napigwa picha, japo si ya uso. Bariki akayakuta masinia mawili.

"Ni lipi, mzee?"

Athumani akafungua mdomo, akaufunga. Fikirini wenyewe. Aseme, "Hilo siyo, hilo ni la mke wangu"? Mbele ya wanaume wageni? Mwiko wa kwanza umemnyima jina, mwiko wa pili umemnyima ulimi. Akatulia, akitumaini kijana atachagua kubwa.

Bariki akafunua la kwanza, langu. Akasema, "Hm." Hiyo "hm", nilipokuja kujua baadaye kuwa ilikuwa yangu, nitaikumbuka mpaka kaburini. Akafunua la pili. Macho yakamtoka. "Aisee! Hili lina nakshi!"

Zilikuwa ni chapa za ukindu wa mkeka. Kila mshono ulikuwa umejipiga chapa mchangani, hata pale katikati panya alipoutafuna mkeka palionekana duara dogo kama ua.

"Hii ndiyo asili tunayoitafuta," akasema Bariki. "Na umbo lake lina mzunguko, limepinda kisanii. Mzee, hili umelifanyaje?"

Athumani akajibu kwa sauti ya mtu anayezama, "Limejifanya lenyewe."

Taa nyekundu ikapita juu ya heshima ya dada yangu mara moja, mara mbili, na kompyuta ikaimeza. Mimi wakati huo sikujua kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mbali, sikuona sinia gani limefunuliwa, nikajua tu ni langu, maana lingekuwa la nani mwingine? Nikatoka pale nikaenda sokoni, bandarini, kahawani, nikiwatangazia watu kuwa Burundi nzima itakalia umbo la Haruna. Watu waliniamkia kwa adabu mpya. Sinia langu la kweli lilibaki mezani bila kufunikwa, likapasuka kwa jua, kuku akaoga vumbi ndani yake.

Mashine ilichonga mfululizo. Athumani alipachika miguu, mitatu mitatu, kimya, amekonda. Alijaribu kujifariji kwamba mke wake hatajua. Na kuna jambo Bariki alilifanya kwa nia njema: ili asipoteze mbao, aliiambia kompyuta iwe inageuza, kigoda kimoja hivi, cha pili kinyume chake kama kwenye kioo, ili vilaliane ubaoni kama dagaa mfukoni.

Vikapangwa ukumbini kwa mistari iliyonyooka, vyote vielekee dirisha la Agnesi. Agnesi ni karani wa kuandikisha wageni, mama wa Kiha mwenye sauti ya kengele na utaratibu wa reli. Wakimbizi wakaingia, wakakaa. Na hapo ukumbi ukapinda.

Ukikaa kwenye kile kigoda, kinakulaza nyonga moja na kukugeuza ubavu, utake usitake, kama mwanamke anayechungulia maharage. Jirani yako naye kigoda chake ni cha kioo, kinamgeuza upande wa pili. Basi wawili wanatazamana uso kwa uso, pua kwa pua, na kila mmoja kampa mgongo jirani wa upande mwingine. Ukumbi mzima hivyohivyo. Hakuna aliyelitazama dirisha. Agnesi akiita jina, analiambia sikio.

"Tazameni mbele!" akapiga kelele.

"Kiti kinakataa, mama," akajibiwa.

Mwanzoni watu waliona haya. Mtu huwezi kumkodolea macho mtu usiyemjua asubuhi nzima. Ikabidi wasalimiane. "Bwakeye." "Bwakeye neza." Kisha wewe watoka mlima gani, maana kwao kijiji ni mlima, kisha mkwe wako ni nani, kisha vicheko. Mama mmoja aligundua anatazamana na binti wa baba yake mdogo waliyepotezana njiani, wote wawili walikuwa wamekaa kituoni hapo siku kadhaa wakitazama visogo vya watu. Wazee wawili wasiosemeshana tangu ujana wao walikalishwa pua kwa pua, wakahama, wakatazamana tena kwenye mstari mwingine, wakaona bora wasemezane tu. Bariki akazunguka akitabasamu, akawaambia wakubwa wake kuwa hivyo ndivyo alivyokusudia.

Mwanamvua akaja na sufuria yake ya uji. Akagawa, akachoka, akaona kigoda kitupu mstari wa mbele. Akakaa.

Nilikuwepo kwa macho yangu, maana nilikuwa nimekwenda kukagua umbo langu. Nilimwona akikaa, na nikaona uso wake. Mtu aliyekaa juu ya dumu tangu ujana wake, ghafla kapokelewa. Alifumba macho. Kisha akayafumbua. Akainuka, akakaa kigoda cha pili. Kikamkataa. Akakaa cha tatu. Kikampokea. Akainama akakipapasa. Kidole chake kikapita juu ya ukindu, mshono kwa mshono, kikafika kwenye lile ua la panya, kikasimama.

"Kaka," akaniita kwa upole. Dada yangu akiwa mpole, kimbia.

"Naam, dada. Unaonaje umbo langu?"

"Huu ni mkeka wangu wa uani."

Nikaucheka uwongo huo. Nikakaa mimi mwenyewe kwenye kigoda cha karibu ili nimwonyeshe. Jamani! Kilinikataa kama mkwe mkali. Ndipo nilipojua. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitangaza makalio ya dada yangu kuwa ni yangu.

Mwanamvua hakupiga kelele. Alirudi kwenye kile kigoda cha mbele, akakaa, akakunja mikono. "Nenda kamwambie shemeji yako siendi kwake. Na kwako siji. Mwanamke gani Ujiji ana viti mia mbili? Mimi nipo kwangu."

Akakaa mpaka walipofunga. Kesho yake akawa wa kwanza kufika. Siku ya tatu Agnesi, ambaye huita kila aliyekaa kigoda cha kwanza, akamwita.

"Mama Shadya, wewe si wa hapo Kasingirima?"

"Ndiko nilikokimbia."

"Huwezi kukimbia Kasingirima ukaja Kigoma mjini."

"Kwani hapa wanakaa akina nani?"

"Waliokimbia."

"Basi niandike."

Agnesi ni mtu wa utaratibu, na mstari ulikuwa mrefu. Akashika kalamu na fomu ya Warundi, ambao tarafa yao huitwa komini. "Mkoa?"

"Kigoma."

"Komini?"

"Ujiji."

"Mlima?"

"Sisi tuko bondeni."

"Sababu ya kukimbia?"

"Kukosa kigoda."

"Nyumba imechomwa?"

"Nyumba ni nzima kabisa. Kigoda ndiyo hakuna."

"Mnafuatana na nani?"

"Peke yangu. Dumu nimeliacha na baba mtu."

Ukumbi wote uliangua kicheko, hata wale waliopeana migongo. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu niliona macho yake. Idi ilikuwa kesho kutwa. Nikakimbia Kasingirima, nikamkuta Athumani anauchonga mguu ambao ulishakuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Shemeji, mkeo anaandikishwa ukimbizi! Ukichelewa watampandisha basi la kambini!"

Tukafika tunahema. Athumani akasimama mlangoni, hawezi kuingia, hawezi kutoka. Aliyemwokoa ni yule bibi wa Makamba, Verediana jina lake, aliyekuwa amekaa akitazamana na Mwanamvua, kigoda chake mwenyewe akiwa amekipakata mapajani. Aliinuka. "Kaa hapa, baba," akamwambia. "Mimi nimeshamaliza kumtazama. Sasa ni zamu yako."

Athumani hajawahi kukalia kigoda cha mtu mwingine tangu aanze kazi. Harusini husimama. Msibani huchuchumaa. Akakitazama kile kigoda kama mtu anayetakiwa kula kiatu. Kisha akakaa. Kikamkunja, kikamgeuza, kikamweka pua kwa pua na mke wake, na hakikumwachia pa kukwepesha macho.

"Mama Shadya," akasema.

"Baba Shadya."

"Nilitaka kukupa Idi. Nilitaka kimoja. Kijana akachukua sinia, nikashindwa kusema ni lako."

"Ulinifichia mchanga chini ya mkeka."

"Uliukataa mchanga."

"Niliukataa mbele ya wanaume." Sauti yake ikashuka, na ukumbi wote ukashuka nayo kusikiliza. "Ungeniuliza ndani, ningekataa?"

Athumani akafikiri. Naapa, yule mtu hakuwahi kulifikiria hilo. Anajua upande gani wa mti unaopasuka, anajua mchanga wa siku gani unashikana, lakini kwamba nyumba yake ina ndani, na ndani yake kuna mlango unaofungika, hilo lilikuwa halijampitia kichwani.

"Hukuniambia," akasema kinyonge.

"Hukuuliza!"

"Oya, oya, hapana," akasema Verediana. "Mtabishana mpaka wafunge. Baba, muulize sasa."

"Hapa? Mbele ya watu?"

Bibi yule akafungua kitenge chake cha begani, akakishika pembe moja, pembe ya pili akampa mama wa jirani. Yule mama akaongeza chake, na mwingine, na mwingine. Walifanya kama wanavyofanya mwenzao akishikwa na uchungu wa uzazi njiani: wakamzungushia Mwanamvua vitenge pande zote, wao wakiwa nje wametazama nje, mpaka pale katikati ya ukumbi pakasimama chumba. Mimi nilitumwa mchanga. Haruna mzima, na kanzu yangu, nikatoka nao ziwani na sinia kichwani, maji yananichuruzika mpaka kwenye masikio, watoto wananifuata wakiimba.

Bariki naye akafika, akitaka kujua kwa nini mradi wake una hema ndani. Alipoelezwa, nusura alie. Akasema hawezi kutoa kigoda hata kimoja, vyote vimehesabiwa kwa wakimbizi na vyenyewe havijawatosha. Mwanamvua akajibu kutoka ndani ya vitenge, "Na mimi si nyang'au nimnyang'anye mkimbizi pa kukaa!" Bariki akajikuna. Akakumbuka kwamba kiko kimoja kilichoharibika: umeme ulikatika mashine ikiwa katikati, upande mmoja umechongwa na mkeka wake wote, upande wa pili ni ubao mtupu. Hicho hakimo katika hesabu ya mtu. Akakileta, miguu yake mitatu imeshapachikwa.

Athumani akaingia ndani ya vitenge na sinia. Tukatega masikio. Tukamsikia anakohoa.

"Mama Shadya," akasema, "naomba ukae nikupime."

Kisha sauti ya dada yangu, "Ulikuwa unangoja nini?"

Mchanga ukalia kidogo, chwa, chini ya mtu.

Wakati huu alikaa wima, kama malkia. Athumani akatoka na sinia limefunikwa, akachuchumaa pale pale ukumbini, akashika tezo, mkono mmoja chini ya kitambaa, macho kayafumba, akaanza kuuchonga ule upande mtupu. Vipande viliruka hadi dirishani kwa Agnesi. Agnesi aliita jina, hakuna aliyesikia, mwishowe akatoka naye akasimama kutazama. Kila baada ya muda Mwanamvua alikaa kujaribu.

"Bado."

Athumani akapunguza.

"Bado. Hapa kinanisukuma kama kondakta."

Akapunguza tena. Bibi Verediana akawa msimamizi: "Mama, usikubali haraka. Akimaliza leo hatakusikiliza tena." Bariki akajitolea kukipiga picha kwa ile taa nyekundu ili mashine imalizie. Wanawake wote wakasema, "Hapana!" kwa lugha tatu.

Athumani alipotaka kuukwangua na ule upande wa mashine, kuziondoa chapa za ukindu zifanane na upande mpya, Mwanamvua akamshika mkono. "Huo uache. Huo ndio ule ulionidanganya. Huu ndio ule ulioniomba. Nataka kila nikikaa nijue nimekalia upande gani."

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipokaa mara ya mwisho. Hakusema bado. Alilalia upande wa mkeka, akageuka. Akakaa upande wa tezo, akatazama mbele. Akaenda huku, akarudi huku. Mimi nilikuwa nimeshikilia pumzi, na sioni aibu kusema kwamba nilikuwa nafikiria mapazia yangu.

"Ego, ndiyo," akasema Verediana kwa niaba yake. "Kimemjua."

Mwanamvua akainuka. Alikwenda mpaka dirishani akamwambia Agnesi amfute. Agnesi akasema kufutwa kuna utaratibu wake, aje tena baada ya Idi. Dada yangu akakiweka kigoda kichwani, miguu mitatu juu kama taji, akawapa mkono wale wanawake mmoja mmoja, akatoka bila kututazama sisi wanaume.

Athumani alibaki amesimama na tezo. Mzee mmoja wa Kirundi akamvuta shati, "Fundi, na changu hiki, hapa kinaniuma kidogo." Mwingine akaja, na mwingine, kila mmoja kashika kigoda, na yule mpumbavu shemeji yangu macho yakaanza kumng'aa, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa.

Ndipo sauti ikaja kutoka barabarani, ile ile iliyomwosha mbuzi wangu:

"Baba Shadya! Watakukuta kesho. Twende nyumbani!"

Nimesikia adhana nyingi na ngoma nyingi katika maisha yangu, lakini sijawahi kusikia neno tamu kama lile "nyumbani", maana halikuwa langu. Athumani akanyanyuka, akajifuta vumbi, akaanza kukimbia nyuma yake. Hakumsalimia mtu njiani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alijitahidi kumpita mke wake ili amwone uso.